Mbwa Ana Jina: Kuwatafuta Watembeaji wa Msafara wa 1871

Kusini mwa Bujumbura, kama kilomita kumi na ushei kwa barabara ya Rumonge, kuna jiwe kubwa mahali panapoitwa Mugere. Limechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wapo watu hapa mjini wanaosema kwamba hapo ndipo Stanley alipomkuta daktari aliyekuwa akimtafuta. Sivyo. Walikutana Ujiji, upande wa Tanzania ya leo, wiki mbili hivi kabla ya tarehe hiyo kwa hesabu ya Stanley mwenyewe. Mugere walilala siku mbili tu, tena walifika kwa mtumbwi.

Kosa la mahali ni rahisi kulisahihisha. Mimi linalonisumbua ni hesabu ya majina. Stanley alipoondoka Bagamoyo, mwezi Machi 1871, misafara yake mitano ilikuwa na watu karibu 190, na kati yao Wazungu walikuwa watatu. Hao wengine wako wapi? Nilipoanza kuwatafuta katika vitabu vya safari nilikutana kwanza na kiumbe ambaye sikumtarajia, naye ni mbwa. Tena mbwa mwenye jina. Basi nikaamua kumfuata mbwa, nione atanifikisha kwa nani.

Mbwa wa kwanza ni Chitane, wa Livingstone. Daktari alishuka pwani ya Mikindani mwezi Machi 1866 na msafara wa ajabu kidogo. Walikuwamo askari wa Kihindi, watu kutoka kisiwa cha Anjouan, vijana Waafrika waliosomeshwa Nasik huko India, pamoja na ngamia, nyati, nyumbu na punda. Askari na watu wa Anjouan waliachana naye njiani, na wanyama wa mizigo wakafa. Chitane akabaki. Livingstone anaeleza kwamba mbwa huyo aliusimamia mstari mzima wa safari: hukimbia mbele kumtazama wa kwanza, hurudi nyuma kumbwekea wa mwisho aliyekawia. Wakifika kijijini na bwana wake akipewa kibanda, hakuna mbwa wa kijiji aliyeruhusiwa kusogea, na yeye mwenyewe hakuiba kitu. Ukiyasoma hayo unaona kuwa Chitane alifanya kazi mbili ambazo katika msafara wa kawaida zina wenyewe. Mbele hutangulia kirangozi, na nyuma hufuata mnyapara wa kuwahimiza wachovu.

Tarehe 15 Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walivuka bwawa la Chimbwe, upana wake kama maili moja, maji yakiwafika kiunoni. Kila mtu alishughulika na mzigo wake, na hakuna aliyemkumbuka mbwa. Aliogelea mpaka nguvu zikamwishia, akazama. Livingstone alimwandikia taazia fupi, na ni taazia nzuri.

Siku tano baadaye Wayao wawili walitoroka, na pamoja nao likapotea sanduku la dawa. Kwa mtu mwenye homa za kila mara, hilo lilikuwa pigo kubwa kuliko yote. Mwenyewe alihisi kama amehukumiwa kufa. Wanafunzi wengi huishia hapo, kwenye wizi wa wapagazi. Lakini ukiendelea kusoma unakuta Livingstone akiwatetea kidogo watu hao: waliuzwa utumwani wakiwa wadogo, hawakubahatika kulelewa. Nampa heshima yake kwa hilo. Hata hivyo kwetu wamebaki “Wayao wawili”, wakati mbwa aliyezama wiki hiyohiyo tunamjua kwa jina na kwa tabia.

Mbwa wa pili ni Omar, mlinzi wa hema la Stanley, aliyekuja naye kutoka India. (Mwislamu yeyote wa Buyenzi akisikia kwamba mbwa alipewa jina la khalifa wa pili ataguna, na Wangwana wa Zanzibar waliobeba silaha za msafara walikuwa Waislamu vilevile.) Stanley alimtegemea sana, lakini Omar hakufika hata Tabora. Masika ya 1871 iliigeuza mbuga ya Makata kuwa ziwa la matope. Punda walikufa mmoja baada ya mwingine, Stanley akakondeshwa na kuhara damu, na Omar akafa kwa ugonjwa wa matumbo.

Pengine kifo hicho kiliwaokoa baadaye. Mwezi Novemba msafara uliingia Uha, nchi ya jirani zetu ambao lugha yao na Kirundi zinasikilizana. Kila mtawala alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, na vitambaa vikawa vinapukutika. Stanley akaamua kupita usiku kwa usiku, kwa njia za msituni, kimya. Mwanamke mmoja wa msafara alishikwa na woga akaanza kupiga mayowe, na karibu awafichue wote. Sasa fikiria Omar angekuwapo, mbwa aliyefunzwa kubweka kila asikiapo nyayo za mgeni!

Uha inanifundisha jambo jingine. Hongo katika vitabu hivi huitwa unyang'anyi. Lakini msafara wa watu wengi wenye bunduki hula chakula, huchota maji, hukanyaga mashamba. Mtawala anayedai vitambaa kwa hayo anafanya kazi ambayo leo inafanywa na forodha ya Kobero, na hakuna anayeiita ujambazi, ingawa wafanyabiashara hulalamika.

Tukifika Ujiji mbwa hayupo tena, na ndipo watu wanapoanza kuonekana. Anayemkimbilia Stanley wa kwanza njiani ni Susi, mtumishi wa Livingstone aliyeajiriwa Shupanga, kwenye mto Zambezi. Mtumbwi wa kwenda kaskazini unatolewa na Said bin Majid, mfanyabiashara wa Ujiji. Katika kambi ya Mukungu, pwani ya Urundi, mutware anawakirimu pombe Susi na Bombay mpaka wanalewa chakari. Usiku huohuo vitu vinaibiwa mtumbwini. Susi naye anajitupa kitandani kwa Livingstone, anavuta blanketi lote, na daktari anadhani ni Stanley anayembana. Nilicheka peke yangu maktabani. Kisha nikaona kitu: mbwa huandikwa anapokuwa mwaminifu, mtu mweusi huandikwa zaidi anapolewa, anapotoroka au anapoogopa. Siku mia ambazo Susi aliamka alfajiri akapika na kufunga mizigo hazina habari.

Bombay huyo ndiye Sidi Mubarak Bombay, Mwao aliyeuzwa utotoni akapelekwa India, akarudi Zanzibar akiwa huru. Mwaka 1858 alikuwa na Burton na Speke, waliofika Uvira wakaambiwa kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, ila hawakuweza kufika mdomoni kuhakikisha. Sasa 1871 safari ya mtumbwi ilifika mdomoni na kuona kwa macho kwamba kweli mto unaingia, wala hautoki kwenda Nile. Wenyeji, akiwamo mtawala Ruhinga, walilijua hilo siku zote. Baada ya Stanley, Bombay alivuka bara hadi Atlantiki pamoja na Cameron. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunuku nishani ya fedha. Kwenye jiwe la Mugere hayumo.

Watu hawa walipolazimika kuongoza wenyewe, waliongoza. Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo mwanzoni mwa Mei 1873. Hapakuwa na Mzungu karibu wa kuwaamuru, nao wangeweza kumzika na kwenda zao. Waliuzika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,500, wakafika Februari 1874. Mbele walikuwa Susi na Chuma, kijana aliyeokolewa mikononi mwa wauza watumwa mwaka 1861. Jacob Wainwright, mmoja wa wasomi wa Nasik, aliisoma ibada ya maziko na kuandika shajara yake mwenyewe. Mazishi ya Westminster Abbey yalifanyika tarehe 18 Aprili 1874. Wainwright alikuwapo, Susi na Chuma waliitwa Uingereza baada ya kaburi kufungwa.

Walikaa huko miezi kadhaa wakimsaidia Horace Waller kuhariri shajara za marehemu: huu ni mto gani, kijiji hiki ni cha nani, hapa tulilala siku ngapi. Kitabu kilitoka mwishoni mwa 1874, na ndicho hicho tunachomsoma ndani yake Chitane. Chuma alikuwa katika msafara ule siku mbwa alipozama.