Rehani, Kamba na Nyumba Milioni Moja

Aprili 1933, mjini Le Mars, jimbo la Iowa, Marekani, wakulima waliingia mahakamani wakamkokota hakimu Charles Bradley hadi nje ya mji. Wakamvisha kamba shingoni. Walitaka aape kwamba hatasaini tena amri ya kumnyang'anya mtu shamba kwa sababu ya deni. Akakataa. Hawakumuua, lakini gavana alitangaza utawala wa kijeshi wilayani humo.

Watu wa jembe walifikaje huko? Mimi naona jibu liko kwenye mikataba. Zama zile mkopo wa nyumba ulikuwa mfupi, mara nyingi miaka 3 hadi 5. Wengi walilipa riba tu, halafu deni lenyewe likadaiwa lote kwa mkupuo. Mambo yakiwa mazuri, unakopa upya, maisha yanaendelea. Ila baada ya 1929 benki zenyewe zilikuwa zinakufa. Sasa nani akukopeshe? Kufikia 1933, nyumba kama 1,000 zilikuwa zinachukuliwa kila siku.

Juni mwaka huohuo serikali ya Roosevelt ikaunda shirika lililojulikana kama HOLC. Halikuzibembeleza benki, lilinunua madeni. Benki ikapewa hati fungani, mwenye nyumba akapewa mkopo mpya wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 5. Kufikia 1936 lilikuwa limechukua mikopo kama milioni moja.

Tusilipambe lakini. Karibu mtu mmoja kati ya watano bado alipoteza nyumba, safari hii mikononi mwa serikali. Na shirika hilohilo lilichora ramani za miji ambamo karibu mitaa yote ya Weusi ilipakwa rangi nyekundu, yaani hatari.

Ruka hadi 2009. Nyumba zinauzwa tena, na serikali ya Obama inaahidi kuwasaidia watu milioni 3 hadi 4. Safari hii haikununua madeni. Iliwalipa wakusanyaji wa marejesho ili wao wapunguze makato ya wateja. Lengo halikufikiwa. Mwaka 2012 benki 5 kubwa zilikubali kulipa dola bilioni 25, baada ya kubainika kwamba karatasi za kuwatoa watu majumbani zilisainiwa kwa mafungu bila hata kusomwa.

Huku kwetu matangazo ya mnada hujaa magazetini: kiwanja namba fulani, nyumba yenye vyumba vitatu, saa nne asubuhi. Nikiyasoma siku hizi sijiulizi tu kama mdaiwa alikuwa mzembe. Najiuliza mkataba wake uliandikwa vipi, na siku mambo yalipoharibika, nani mwingine aliukalia mezani zaidi ya benki na dalali. Bradley alikataa kuapa. Wakulima wangeshinda kesi yao Washington, siyo shingoni mwake.