Wakati Zaire ilituma vinyago vyake Marekani

Mwaka wa 1967, miaka saba kisha uhuru, watu wa Marekani waliona maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo katika muji wa Minneapolis. Lakini si Kongo iliyoyatuma. Vitu vilitoka katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Bruxelles. Ubelgiji ilikuwa imepoteza koloni, lakini mbele ya wageni ilibaki mulinzi wa masanamu ya koloni hiyo.

Kinshasa ilichukizwa, na ilikuwa na haki. Vitu vya Tervuren havikufika kule kwa njia moja: vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, vingine vilinyanganywa wakati wa vita vya ukoloni. Tuchukue mufano wa hapa karibu, Balega wa Kivu na Maniema. Wazee wa Bwami walitumia sanamu ndogo za pembe za tembo na vinyago vya mbao kufundisha tabia njema, cheo kwa cheo. Mwaka wa 1948 serikali ya wakoloni ilikataza Bwami. Leo vitu hivyo viko Tervuren na New York, na mutoto wa Shabunda anaweza kukua bila kuona hata kimoja.

Katika mwezi wa tatu 1970, serikali ya Mobutu iliunda Taasisi ya Makumbusho ya Taifa, juu ya mulima Ngaliema. Mukubwa wake wa kwanza, Lucien Cahen, alikuwa pia mukubwa wa Tervuren. Mutu mumoja alishika funguo za nyumba mbili zenye kesi! Hata hivyo kazi ilifanyika. Wafanyakazi walizunguka vijiji kwa feza ya serikali, wakinunua na kuandika, mpaka vitu vikapita 40,000.

Tarehe 4 mwezi wa kumi 1973, Mobutu alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York na kuomba inchi tajiri zirudishe sehemu ya kazi za sanaa za inchi maskini. Mwezi wa kumi na mbili, mukutano mukuu ulipitisha azimio juu ya jambo hilo.

Lakini kulikuwa neno moja ambalo Wazungu walirudilia: Kinshasa itaviweka wapi? Zaire ilijibu kwa kutuma. Mwaka wa 1975, kazi 100 za mukusanyo wa taifa zilionyeshwa New York. Safari hii mutumaji alikuwa mwenye vitu. Mwaka uliotangulia, dunia yote ilikuwa imetazama Kinshasa: muziki wa Franco, Tabu Ley na James Brown katika mwezi wa tisa, kisha pigano la Ali na Foreman tarehe 30 mwezi wa kumi. Mabondia wale wawili waliahidiwa dola milioni 5 kila mumoja. Na taasisi ya Ngaliema? Haikujengewa jumba la kufaa. Vitu vilijazana katika magala.

Jina la inje lilizaa matunda, hilo sherti lisemwe. Kati ya 1976 na 1982, Tervuren ilitoa vitu 114. Wakongo walisema vimerudishwa. Wabelgiji walisema ni zawadi. Mutu akikubali kwamba anarudisha, anakubali pia kwamba alichukua.

Halafu hazina ya serikali ikakauka. Mushahara ukapotea, na wakati utawala wa Mobutu ulipoanguka mwaka wa 1997, wezi waliingia Ngaliema. Vingine kati ya vitu vilivyotoka Tervuren vilionekana tena Ulaya, safari hii mikononi mwa wachuuzi. Kuvisafirisha mbele ya wageni kulipata feza. Kununua kufuli na kulipa mulinzi hakukupata.

Jumba jipya la makumbusho lilifunguliwa Kinshasa mwaka wa 2019, kwa musaada wa Korea ya Kusini wa dola karibu milioni 21. Mwezi wa sita 2022, mufalme Philippe wa Ubelgiji alileta humo Kakuungu, kinyago kikubwa cha Wasuku. Watu walipiga makofi. Kwenye karatasi, kinyago kile ni mukopo usio na tarehe ya mwisho.