Kutambuliwa na Kuidhinishwa: Funzo la Lango la Ngorongoro

Mtu aliyezuiwa kuingia katika kompyuta husema, "Imenikataa." Usemi huu wafaa katika mazungumzo, lakini waficha mambo mawili: kutotambuliwa na kutoidhinishwa. Tofauti hiyo ni ya kale kuliko kompyuta, na historia ya Ngorongoro yaidhihirisha vizuri.

Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na Wamasai wakaachiwa kukaa humo pamoja na mifugo yao. Mgeni apandaye kutoka Karatu hutakiwa kibali katika lango la Lodoare. Mkazi hupita kwa ukazi wake. Lakini mwaka 1974 waliokaa ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku, mwaka 1992 kikaruhusiwa kwa muda, na mwaka 2009 kikakatazwa tena. Mkazi alikuwa yule yule. Kilichogeuka ni idhini.

Kompyuta nazo zilipitia njia ya namna hiyo. Hapo awali kila programu ya Unix ilikagua nywila yenyewe. Mwaka 1995 wataalamu wa Sun Microsystems walipendekeza kazi hiyo ikabidhiwe moduli za pekee, na mwaka 1996 utaratibu huo ukaingia katika Linux. Moduli hizo zina kazi nne: kumtambua mtu, kupima kama akaunti yake ina idhini wakati huo, kubadili nywila, na kufungua na kufunga kikao.

Msimamizi asiyetenganisha kazi hizo huhangaika kubadili nywila isiyo na kosa, kumbe akaunti ndiyo iliyokwisha muda. Yampasa kwanza kusoma daftari la kumbukumbu la mfumo, ajue ni kazi ipi iliyoshindwa, ndipo aguse kanuni zilizomo katika /etc/pam.d, tena aache kikao kimoja cha msimamizi wazi, kwani mstari mmoja wenye kosa waweza kuwafungia wote nje, yeye akiwamo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kuonyesha kwamba Kiswahili chaweza kubeba kazi hii. Basi mfasiri asiandike "umekataliwa" kila mahali. Mgeni mlangoni hana haja ya kuelezwa mengi. Lakini daftari la msimamizi liseme wazi: "hakutambuliwa", au "ametambuliwa, hana idhini". Istilahi isiyotenganisha mambo hayo humpeleka fundi kwenye mlango usio na kasoro.