Hesi ya Parafujo na Mapatano Yake

Wazee wa pwani waliiita parafujo, neno walilotuachia Wareno, na yale meno yazungukayo shina lake wakayaita hesi. Mafundi wa leo husema skrubu, na hesi huiita nyuzi, jambo liletalo utata kidogo, kwa kuwa nyuzi ndizo pia zipimazo pembe, na katika habari hii pembe ina neno kubwa. Kwa hiyo nitashika hesi ya wazee, na nyuzi niiachie pembe.

Mchoraji wa mitambo aketiye leo mbele ya kompyuta haichori hesi jino kwa jino. Huteua mstari katika jedwali, nao una kipenyo, umbali wa jino hata jino, na pembe, kisha programu ikamchorea yaliyosalia. Ila akiletewa kipuri cha mashine kuukuu, aghalabu hukuta kipimo chake hakimo, ndipo imlazimu kulifungua faili la jedwali na kuandika mstari wake mwenyewe. Na katika baadhi ya programu hizo, ikija toleo jipya mstari huo hutoweka, akauandika tena. Taabu hiyo ni changa, lakini asili yake ni ya zamani sana.

Kabla ya mwaka 1841 kila karakana ya Uingereza ilikuwa na hesi yake, na bolti na nati yake walikuwa kama mume na mke: nati ikipotea, bolti ilibaki mjane. Henry Maudslay wa London, mnamo mwaka 1800, alikuwa amekwisha kuunda mashine ya kukereza iliyoweza kuchonga hesi kwa usahihi usiobadilika, lakini usahihi wa karakana moja haukuifunga karakana ya pili. Joseph Whitworth, aliyepata kufanya kazi kwa Maudslay, alifuata njia ya mpatanishi kuliko ya mvumbuzi: alikusanya bolti za karakana nyingi, akazipima, akatwaa wastani wake, na katika mwaka huo wa 1841 akawaarifu wahandisi wenziwe kwamba kila kipenyo kiwe na idadi yake maalumu ya meno katika inchi, pembe iwe nyuzi 55, na ncha za meno ziviringwe. Mtu akiuliza kwa nini 55, hapati jibu katika hisabati. Ilikuwa suluhu ya watu, si hukumu ya maumbile.

Suluhu hiyo haikumridhisha William Sellers wa Philadelphia, ambaye mwaka 1864 alisema kuwa ncha zilizoviringwa ni kazi ghali na ya fundi stadi, akataka ncha bapa na pembe ya nyuzi 60, ambayo ni pembe ya pembetatu yenye pande zote sawa na hivyo ni rahisi kuihakikisha. Bolti ya robo inchi ilikuwa na meno 20 kwa wote wawili, na zikikutana hushikana, ingawa kwa shingo upande. Lakini ya nusu inchi Mwingereza aliipa meno 12, Mmarekani 13, na hapo hapana ndoa.

Khitilafu za namna hii zilikuwa na gharama. Baltimore ilipoungua Februari 1904, magari ya zimamoto yalikuja hata kutoka Washington, Philadelphia na New York, lakini mipira mingi ya maji ilikataa kuingia katika mabomba ya mji, na majengo yapatayo 1,500 yakateketea. Katika Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Packard ya Detroit ilipokubali kuunda injini ya Kiingereza ya Merlin, ilibidi ijitengenezee zana za kuchonga hesi za Kiingereza. Vita vilipokwisha, tarehe 18 Novemba 1948, Uingereza, Marekani na Kanada zilitia saini mjini Washington hesi moja ya inchi. Nyuzi 60 zikashinda, na nusu inchi ikapata meno 13. Wenye kupima kwa milimita walikuwa wamekwisha kuafikiana juu ya nyuzi hizo hizo 60 huko Zurich tangu 1898.

Whitworth, hata hivyo, hakufukuzwa kote. Nenda dukani Mombasa au Dar es Salaam uombe kiungo cha bomba la nusu inchi; ukikipima hesi yake hutaona nusu inchi popote, kwani kipenyo cha nje ni milimita 20.955, yaani inchi 0.825, hali jina limeshikamana na tundu la bomba la zamani. Yahesabu meno: ni 14 katika inchi. Ipime pembe: ni nyuzi 55, na shirika la viwango la kimataifa, pamoja na kupenda kwake milimita, limeziacha zilivyo.