Ubaroneti wa Tichborne

Ubaroneti wa Tichborne ulikuwa cheo cha kurithiwa katika ukoo wa Tichborne, wamiliki wa ardhi Wakatoliki wa Hampshire, kusini mwa Uingereza. Mfalme James wa Kwanza alimtunuku cheo hicho Sir Benjamin Tichborne mwaka 1621. Mwaka 1603, Benjamin ndiye aliyemtangaza James kuwa mfalme mjini Winchester, bila kusubiri amri kutoka London.

Ukoo huu unakumbukwa zaidi kwa kesi. Roger Tichborne, aliyekuwa kwenye mstari wa urithi, alipotea baharini mwaka 1854 baada ya meli yake, Bella, kuondoka Rio de Janeiro. Mama yake, Lady Henriette, hakukubali kwamba mwanawe amekufa, akamtafuta kwa matangazo ya magazeti. Mwaka 1866 alijitokeza mchinjaji kutoka Wagga Wagga, Australia, akidai ndiye Roger. Alikuwa mnene, Roger alikuwa mwembamba. Kifaransa hakukijua, na Roger alilelewa Paris. Mama akampokea hata hivyo, na ni vigumu kumlaumu mzazi aliyengoja miaka 12. Mahakamani shahidi alieleza kwamba Roger alichorwa moyo, msalaba na nanga mkononi. Mkono wa mdai haukuwa na alama hizo. Mwaka 1874 alihukumiwa kifungo cha miaka 14.

Cheo kilibaki kwa Sir Henry, mpwa wa Roger aliyezaliwa mwaka 1866 baada ya baba yake kufariki. Kwa kuwa kilirithiwa na wanaume tu, kilikoma mwaka 1968 alipofariki Sir Anthony, baroneti wa 14, bila kuacha mtoto wa kiume.