Samani za Njumu za Kichina: Kuzisoma Kabla ya Kuzinunua

Aliyewahi kuona kiti cha enzi cha Lamu au Unguja, kile cha mbao nyeusi na kamba za kusuka chenye vipande vya pembe vilivyopangwa mgongoni, hahitaji kuelezwa njumu ni nini. Fundi huchimba mbao kwa kina kidogo, akachonga kipande cha pembe, mfupa au gamba la chaza kikalingana na nafasi ile, akakitia gundi, kisha akasugua mpaka uso wote ukawa sawa. Huku Uingereza kazi ya aina hiyo tunaikuta zaidi kwenye samani za Kichina zinazopita minadani: viti vya mbao nzito vyenye maua ya gamba linalometa, makabati yenye watu wadogo weupe, meza zenye kipande cha marumaru katikati. Baadhi ya hizo huuzwa kwa mamia machache tu ya pauni, na wanachama wenzetu kadhaa wametuuliza kama inafaa kuzinunua. Jibu letu ni kwamba inafaa, ila zisomwe kwanza, na kuzisoma kunahitaji historia kidogo.

Njumu za gamba ni kazi ya kale sana huko China. Ushahidi mmoja mzuri kabisa umehifadhiwa nje ya nchi hiyo, mjini Nara, Japani, katika ghala la Shosoin. Mwaka 756 mjane wa mfalme Shomu alitoa mali za marehemu mumewe ziwekwe wakfu katika hekalu la Todaiji. Miongoni mwa mali zilizobaki mpaka leo ni ala ya muziki ya nyuzi tano, ya mti wa msandali mwekundu, iliyopambwa kwa njumu za gamba kwa mtindo wa enzi ya Tang. Juu yake anaonekana mtu aliyepanda ngamia, naye anapiga ala. Karne nyingi baadaye, mwishoni mwa enzi ya Ming (1368–1644), mafundi wa Yangzhou walisifika kwa kazi iitwayo baibaoqian, yaani njumu za hazina mia: katika ubao mmoja walikusanya jade, marijani, feruzi, kaharabu, gamba na pembe za ndovu.

Hapo kwenye pembe ndipo habari inapotugusa. Twiga wa Malindi aliyefikishwa kwa mfalme wa Ming mwaka 1415 keshaandikwa vya kutosha. Tunashangaa kwamba pembe, zilizosafiri njia hiyo kwa muda mrefu zaidi na kwa wingi zaidi, hazitajwi kiasi hicho. Al-Masudi, aliyesafiri kutoka kisiwa cha Qanbalu (wanahistoria wengi hukitafuta Pemba) hadi Oman mwaka 916, aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanj zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda India na China. Lau si safari hiyo, alisema, nchi za Waislamu zingejaa pembe. Akaeleza pia kwamba wakubwa wa China walibebwa katika machela ya pembe, na kwamba hakuna aliyethubutu kumwendea mfalme katika machela ya chuma. Machela nayo ni samani. Katika karne ya 19 Unguja ikawa soko kubwa la pembe, zilizobebwa na wapagazi kutoka Tabora na Ujiji hadi Bagamoyo, na nyingi zikapakiwa kwenda Bombay kabla ya kusambazwa kwingine. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa kuwa laini na nyeupe, haimsumbui mchongaji.

Mbao nazo zina undugu na kwetu. Mti uliothaminiwa kuliko yote katika samani za Ming ni huanghuali, ambao kwa wataalamu wa mimea ni wa jenasi moja na mpingo. Zitan, mti mzito wa zambarau iliyokolea uliopendwa na wafalme wa Qing (1644–1912), ni wa jenasi moja na mninga, ule ambao nusu ya makabati ya Dar es Salaam yametengenezwa nao, kama si zaidi. Tena kanuni rasmi ya China ya mwaka 2000 kuhusu mbao ziitwazo hongmu iliutaja mpingo wenyewe katika orodha. Kwa mnunuzi hili lina maana moja ya haraka: mbao nyeusi na nzito si ushahidi wa ukale. Huenda kiti ni cha juzi, na mti wake ulikatwa Lindi.

Basi tazama njumu. Pembe ya ndovu, hasa mahali ilipokatwa kwa kukingama, huonyesha mistari miembamba inayopishana kama wavu. Mfupa huonyesha vitone na vijistari vyeusi, ambavyo ni njia za damu za mnyama alipokuwa hai. Plastiki haionyeshi chochote, au huonyesha mistari iliyonyooka mno. Wapo wanaoshauri kuchoma kwa sindano ya moto ili kujua. Hao wasisikilizwe, maana alama ya sindano haifutiki. Mafundi wa Ningbo walitumia sana mfupa wa ng'ombe, kwa hiyo kitanda au kabati la Ningbo lenye watu weupe mara nyingi halina pembe hata kidogo, hata kama muuzaji ameandika hivyo kwenye karatasi. Samani za gamba zilitengenezwa sana Guangzhou, bandari pekee iliyofunguliwa kwa biashara ya Wazungu kati ya 1757 na 1842, lakini nyingine ziitwazo za Kichina ni kazi ya kaskazini mwa Vietnam. Kazi hiyo ni nzuri pia, ila ilipwe kwa jina lake. Katika gamba la kweli, mishipa ya majani na mikunjo ya nguo imechorwa kwa mkono, na hakuna mistari miwili inayofanana kabisa.

Kisha kipindue kitu, au uombe kipinduliwe. Chini ndiko fundi alikoacha alama za zana zake, na ndiko wadudu wabungua mbao wanakoanzia. Samani nzuri za Kichina ziliunganishwa kwa ulimi na tundu, pasipo misumari. Ubao wa mlango umewekwa ndani ya mfereji bila gundi ili upate kutanuka na kusinyaa. Tazama pia urefu wa miguu. Mwaka 1944 Gustav Ecke alichapisha Beijing kitabu juu ya samani za nyumbani za Kichina, na mwaka 1985 kikafuata cha Wang Shixiang, mtu aliyetumia maisha yake kukusanya samani hizi. Vipande 79 alivyokuwa navyo viko katika Jumba la Makumbusho la Shanghai. Vitabu hivyo viliwafunza wanunuzi wa nje kupenda mbao tupu zilizong'aa. Wafanyabiashara wakawafuata: rangi za utomvu zilizodumu miaka 200 zikakwanguliwa, na meza ndefu zikakatwa miguu ziwe za kuwekea kahawa mbele ya sofa. Kwa maoni yetu hasara hiyo ni kubwa kuliko njumu kupungua vipande vitano. Pengo la njumu unaliona na unajua kilichokosekana, lakini meza iliyokatwa hukudanganya kila siku.

Sheria nayo isomwe. Hapa Uingereza Sheria ya Pembe ya 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inakataza kuuza na kununua kitu chenye pembe ya ndovu isipokuwa kwa misamaha michache. Samani huingia katika msamaha ikiwa ilitengenezwa kabla ya tarehe 3 Machi 1947 na pembe yake ni chini ya asilimia 10 ya ujazo wote, na ni lazima isajiliwe kabla ya kuuzwa. Mwaka 2025 meno ya kiboko yakaongezwa. Kumiliki na kurithi hakukukatazwa. Anayetaka kusafirisha kiti kwenda Muscat au Mombasa akumbuke pia kwamba tangu 2017 miti yote ya jenasi ya mpingo imo katika orodha ya mkataba wa CITES, kwa hiyo aulizie vibali kabla ya kulipia meli. Tumesikia wengine wakilalamika kwamba masharti haya ni usumbufu. Sisi tunaotoka katika nchi ambazo ndovu hao waliuawa tungeyaona kidogo tu.

Kikishafika nyumbani, adui mkubwa ni hita ya majira ya baridi. Hewa ikikauka mbao husinyaa kwa upana, gamba halisinyai, na gundi ya zamani ya wanyama huachia. Weka kitu mbali na hita na dirisha lenye jua, na unyevu wa hewa uwe karibu na asilimia 50; kipimo chake ni cha bei ndogo. Vumbi liondolewe kwa brashi laini na kavu, kwa kuwa nyuzi za kitambaa hunasa kwenye ncha za njumu na kuzing'oa, na maji huyeyusha gundi ile. Dawa za kupuliza za kung'arishia usizitumie kabisa. Kiti kibebwe kwa kushika fremu ya kikalio, kisivutwe kwa mikono yake. Kipande kikidondoka, usikirudishe kwa gundi kali ya dukani, kwani atakayekuja kukitengeneza baadaye hataweza kuibandua bila kuvunja. Kitie katika bahasha, andika juu yake kilitoka sehemu gani na tarehe, na bahasha ikae ndani ya droo ya kabati lenyewe mpaka fundi apatikane.