Funza na wadudu kama chakula: sheria inasemaje ukiwa Rusizi?

Kama unafuga kuku Kamembe au samaki Bugarama, shida unaijua: soya ni ghali, na isambaza wanaosagwa kuwa chakula cha kuku ndio hao hao ungependa watoto wako wale. Ndiyo maana wafugaji wengi wanajaribu funza wa nzi askari mweusi. Nzi huyu hang'ati, na funza wake wakikaushwa, karibu asilimia 40 ni protini.

Nani anasimamia?

Nchini Rwanda, viwango vya ubora huandikwa na RSB. Chakula cha mifugo hukaguliwa na RICA, ambayo pia hukagua mizigo ya aina hiyo mipakani. Chakula cha watu kilichosindikwa, kama unga uliochanganywa na wadudu, kiko chini ya Rwanda FDA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Uwe mkimbizi au mwenyeji, kabla ya kuuza hata mfuko mmoja, muulize daktari wa mifugo wa sekta (umurenge) ni kibali gani unahitaji. Bora kuuliza mapema kuliko mzigo wako kukamatwa.

Funza wako wanakula nini?

Hili ndilo swali kubwa. Kenya iliweka kiwango cha wadudu waliokaushwa kwa chakula cha mifugo mwaka 2017. Mwaka huo huo Umoja wa Ulaya uliruhusu funza kwa samaki wa kufugwa, na mwaka 2021 kwa kuku na nguruwe, lakini ukakataza kuwalisha funza samadi au mabaki ya jikoni. Funza wanaweza kubeba bakteria kama salmonela, na sumu ya kadimiamu hujikusanya mwilini mwao. Basi tumia maganda ya matunda na mboga za sokoni au pumba za mchele, usitumie uchafu wa choo wala wa gereji. Wachemshe kabla ya kuwakausha. Andika tarehe na ulichowalisha.

Na kumbikumbi na senene?

Waliotoka Kongo wanajua utamu wake, ingawa jirani Mnyarwanda anaweza kukushangaa. Usiwaokote palipopuliziwa dawa. Anayedhurika akila kamba au kaa asiwaonje, kwa sababu mwili wake unaweza kuwakataa pia.